Tupeni Jedwali, Bakini na Muhuri

Tuifuate safari ya namba moja. Karani wa kaunti anaandika kwenye kompyuta pesa zilizotengewa ukarabati wa zahanati katika wadi yako. Namba hiyo imekaa ndani ya jedwali, safi kabisa, unaweza kuijumlisha na nyingine. Kisha anaiprinti. Mkubwa anasaini. Muhuri unagongwa. Karatasi inapitishwa kwa skana, inageuka picha, picha inaitwa PDF, na PDF inatupwa kwenye tovuti ikiwa imelala ubavu, nusu ya muhuri imefunika jumla. Miezi baadaye mtu kama mimi analipwa kwa ukurasa kuichapa upya namba ile ile, irudi kwenye jedwali ilikotoka.

Ndiyo, hicho ni kibarua changu nikikosa kazi ya kuandika. Nilipoacha chuo nilidhani nitaishi kwa kalamu. Siku hizi naishi pia kwa kukodolea macho PDF za kaunti, nikijiuliza kama hiyo ni 3 au 8. Anayenilipa ni kampuni ya ushauri. Huyo naye huiweka kazi yangu ndani ya ripoti nzuri yenye grafu za rangi na kuiuza. Na walionunua, mara nyingine, ni watu wa serikali hiyo hiyo iliyokuwa na jedwali tangu mwanzo.

Hesabu basi umeilipia namba hiyo mara ngapi. Ulimlipa karani kupitia kodi. Ulilipia kompyuta yake, skana yake, wino wa muhuri wake. Halafu ripoti ikanunuliwa tena kwa pesa zako. Na wewe mwenyewe, mwenye zahanati, hujawahi kuiona. Maze, hata mwizi wa simu hukuuzia simu yako mara moja tu.

Kuna mambo mawili ambayo wakubwa hupenda kuyachanganya: kuruhusiwa kuona na kuruhusiwa kutumia.

Haki ya kuona tunayo, angalau kwenye karatasi. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikafafanua zaidi. Unaweza kuandika ombi lako kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kuwasilisha ombi ni bure. Unaweza tu kutozwa gharama halisi ya nakala. Na kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni cha 4: sababu yako ya kutaka habari hiyo haipunguzi haki yako. Si kazi ya ofisi kukupima nia.

Sasa nenda ofisini uone. Katika ofisi moja ya kaunti nilipeleka barua ya Kiswahili kuomba orodha ya wakandarasi wa kuzoa taka, wadi kwa wadi. Madam aliyeipokea aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu liko huko.

“Kijana, umetumwa na nani?”

“Sijatumwa, madam. Ni mimi tu.”

“Sasa wewe ukipewa hii, utaifanyia nini?”

Simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha kwamba swali lake halina nafasi kisheria. Lakini swali hilo ndilo sera nzima ya data katika miji yetu: utaifanyia nini? Mtu wa kawaida akitaka kujua, lazima ana njama.

Haki ya kutumia ndiyo hatujapata kabisa. Kutumia ni kupewa namba katika umbo ambalo kompyuta inaweza kulisoma, ikiwa na tarehe, pamoja na sentensi moja inayosema: chukua, nakili, changanya, tengeneza programu, hata fanya biashara, huhitaji ruhusa. Sentensi hiyo si mapambo. Sheria yetu ya hakimiliki inaipa Serikali hakimiliki juu ya kazi zake. Kwa hivyo hata ukiipata ramani, bado hujui kama ukiiweka kwenye programu yako utaandikiwa barua na wakili. Marekani, nchi ambayo huwa hatuchoki kuiga mabaya yake, kazi za serikali kuu hazina hakimiliki nchini humo. Hilo hatukuliiga.

Mtaniambia tulishajaribu. Kweli. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya kitaifa ya data huria, na Kenya ikasifiwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Tulipiga makofi. Baadaye makofi yakaisha na data ikaanza kuzeeka, kwa sababu kuzindua ni sherehe ya siku moja na kuhuisha ni kazi ya kila wiki, na kazi ya kila wiki haina utepe wa kukata.

Na msituambie vijana hawatajua la kufanya na data. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu patupu kwenye ramani za mtandaoni, makazi ya maelfu kwa maelfu yakionekana kama kichaka. Vijana wa hapo hapo walichukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro, wakaweka vyoo, shule, mabomba na zahanati kwenye OpenStreetMap. Miaka michache baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda mathree wakiwa na simu mkononi na kurekodi njia zaidi ya 130. Wakatoa data hiyo bure. Ramani ya karatasi ikatoka 2014, na mwaka 2015 njia hizo zikaingia Google Maps. Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza Ramani Huria 2015: wanafunzi na wakazi wakachora kata zinazofurika, mfereji kwa mfereji.

Kwa hivyo hatukungoja. Pale data inapoweza kupatikana kwa miguu, tumeitafuta kwa miguu. Lakini kuna data ambayo miguu haifiki. Huwezi kupanda matatu ukapima msingi wa jengo.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma. Takriban watu 50 walifariki. Baadaye ikaelezwa kwamba jengo hilo lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Tafakari hapo kidogo. Mahali fulani, kwenye faili fulani, kulikuwa na mstari mmoja unaosema jengo hili si salama. Na mwisho wa kila mwezi watu wakaendelea kulipa rent ndani yake.

Wewe unayesoma hii na unatafuta keja wikendi hii: utauliza maji, utauliza tokeni za stima, utauliza dipoziti. Je, utajuaje kama michoro ya jengo iliidhinishwa kwa ghorofa nne na mwenye ploti akajenga saba? Kaunti inayoidhinisha michoro inajua. Wewe utategemea X ya rangi nyekundu ukutani, ikiwa haijapakwa rangi nyingine juu. Jedwali moja lenye namba ya ploti, ghorofa zilizoidhinishwa, tarehe ya ukaguzi na matokeo lingetosha. Kijana yeyote wa programu angelitengenezea huduma ya simu kwa wiki moja: andika jina la ploti, upate jibu. Wanaoficha jedwali hilo wanamlinda nani, mpangaji au mwenye ploti?

Au tuseme mafuriko. Mwaka 2024 maji yaliingia Mathare na Mukuru, watu wakafa, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na mabuldoza yakafuata. Mita 30 kutoka wapi hasa? Kutoka ukingo wa leo au wa mwaka gani? Nani aliyepima, na mstari unapita juu ya mlango wa nani? Mtu anastahili kuuona mstari huo kwenye simu yake kabla ya kuuona kwenye meno ya buldoza.

Hapa ndipo ninapokasirika. Wanasema data imefungwa. Si kweli. Imefungiwa sisi tu. Broka wa mashamba hujua barabara itapita wapi kabla wakazi hawajasikia. Mwenye binamu ofisini hujua tenda kabla haijatangazwa. Mwenye pesa za chai hupata nakala jioni hiyo hiyo. Anayeambiwa “rudi wiki ijayo” ni yule asiye na binamu wala chai. Data ya siri mjini ni hadithi. Kuna data ya wenyewe tu.

Nimesikia pingamizi zote. Kwanza: faragha. Sawa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa ajili hiyo. Sijaomba jina la mgonjwa wala namba ya simu ya mama mboga. Nimeomba zahanati ina dawa kiasi gani na soko limekusanya ushuru kiasi gani. Cha ajabu, wanaoikumbuka faragha ukiomba bajeti huisahau kabisa wakiandika kitambulisho na simu yako kwenye kitabu cha mlangoni.

Pili: mtatafsiri vibaya. Labda. Lakini uvumi umekuwa ukitafsiri vibaya bila data miaka yote. Namba ikiwa wazi, atakayekosea atasahihishwa na mwingine mwenye namba ile ile.

Tatu: kaunti ni maskini, acha iuze data yake. Kumuuzia mtu alichokwisha kulipia si mapato, ni kutoza ushuru mara mbili. Na ukiweka bei, atakayenunua ni kampuni ile ile ya ushauri.

Kuna pingamizi la nne ambalo halisemwi wazi, linatendwa. Mei 2025 mwanaprogramu mmoja alikamatwa, na baadaye kushtakiwa, kwa sababu ya tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha. Mahakama ilimwachilia mwezi uliofuata. Alichofanya ni kuchukua jambo la umma na kulirahisishia umma. Hofu yao haiko kwenye kukosea kwetu. Iko kwenye kuelewa kwetu.

Basi ombi langu ni dogo, na sihitaji tovuti mpya ya mamilioni wala uzinduzi wenye hema. Nataka majedwali manne, yahuishwe kila mwezi, kutoka kila kaunti yenye mji: majengo na ukaguzi wake; mikataba, kiasi na mkandarasi wake, wadi kwa wadi, jambo ambalo kifungu cha 5 cha sheria ya 2016 tayari kinataka litangazwe; ratiba ya maji na taka; na mipaka ya mito na barabara. Juu yake, sentensi moja ya kuruhusu matumizi huru. Sheria hiyo hiyo iliziambia ofisi ziweke kumbukumbu zao kwenye kompyuta ndani ya miaka mitatu. Miaka hiyo ilishapita zamani.

Nawe msomaji, usinitumie emoji ya moto halafu upite. Chagua jedwali moja kati ya hayo manne. Andika barua ya aya mbili, kwa Kiswahili, itaje wadi yako na useme unataka jedwali lenyewe, si picha yake. Weka tarehe, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha anza kuhesabu siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kazi hiyo sheria imewapa wao. Na madam akikuuliza utaifanyia nini, mwambie kwa heshima kwamba utaisoma.