Lenzi ndefu katika sebule fupi

Huku Kirumba, Kivu ya Kaskazini, Kongo, kuna imani moja inayokiriwa na wote, Wakatoliki na Waprotestanti, wenye maduka ya barabarani na wakulima wa milimani: fotografe hodari ni yule mwenye lenzi ndefu. Siku ya ndoa hakuna anayeomba kuona picha alizopiga mwezi uliopita. Watu wanatazama kinachoning'inia shingoni mwake. Mwenye lenzi ya kufika kitovuni anaitwa mtaalamu na bei yake haipingwi. Mwenye lenzi fupi anaulizwa na mama wa bibi arusi, kwa heshima zote: "Papa, ile kamera kubwa umeiacha nyumbani?" Basi kijana anauza mbuzi, anangoja zamu yake ya likelemba (upatu), anapanda gari hadi Butembo, na anarudi na zumu ambayo itamshinda katika kazi yake ya kwanza kabisa.

Imani hiyo ni ya uongo, na uongo wake unapimika kwa mita ya fundi seremala.

Tuingie sebuleni, maana mkate wa fotografe wa huku uko humo: siku ya mahari, sherehe ya ubatizo, matanga. Chukua zumu ya milimita 70 hadi 300, ile inayotamaniwa na kila mtu, uifunge kwenye kamera ya sensa ndogo kama Canon nyingi za mitumba tunazotumia. Unataka kumpiga picha mtu wa mita 1.70 akiwa amesimama, kuanzia kichwa hadi viatu, kamera ukiishika wima. Hata ukiirudisha zumu hadi milimita 70, ufupi wake wa mwisho, lazima usimame zaidi ya mita 5 kutoka kwake. Sasa niambie ni nyumba ngapi za mbao za Kirumba au Kayna zenye mita 5 kutoka ukuta hadi ukuta, tena zikiwa tupu, bila wajomba wa pande mbili, bila meza na makreti ya bia ya Primus. Nimeona mafotografe wakitoka nje na kupiga kupitia dirishani, na wageni wanasifu: tazama anavyofanya kazi kitaalamu! Lenzi ya milimita 35 ingehitaji mita 3 tu. Ya milimita 24, mita 2.

Kinachofuata ni nuru, na hapo zumu za bei nafuu zinaumbuka zaidi. Tundu la zumu hizo ukizivuta halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo isiyo na zumu, ya f/1.8, huingiza nuru karibu mara 10 ya hiyo. Kwa mtu anayepiga picha ufukweni Mombasa saa nne asubuhi, tofauti hiyo inaweza kuwa mapambo. Kwetu ndiyo tofauti ya kupata picha na kuikosa. Tuko kwenye mstari wa ikweta: Butembo iko kaskazini yake kidogo tu, Kirumba kusini yake. Mwaka mzima jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, linashuka wimawima, na baada ya dakika 20 hivi ni giza. Nani kati yetu amewahi kuona mahari ikimalizika kabla ya saa kumi na mbili? Ongeza kwamba lenzi ndefu hukuza hata mtetemo wa mkono. Ukiivuta hadi milimita 300 kwenye sensa ndogo, unahitaji kasi ya shata ya kama 1/500, na hiyo huipati chini ya balbu moja ya umeme wa jua. Picha zinatoka na ukungu, fotografe analaumu kamera, kisha anaanza kuchanga pesa za kununua nyingine.

Watetezi wa lenzi ndefu wana jibu lao: "Na uso wa bibi arusi nitaupataje kwa karibu?" La kwanza, sogea. Miguu ni bure. La pili, kata picha. Kamera ya megapikseli 24 ukiikata nusu kwa upana na nusu kwa urefu unabaki na megapikseli 6, na picha ya karatasi ya sentimita 13 kwa 18, ile tunayoitia kwenye fremu na kuitundika juu ya kochi, inatosheka na megapikseli 3 na kidogo. Maana yake lenzi ya milimita 50 ina ya milimita 100 ndani yake, na hukulipa chochote. Na picha nyingine zote zinaishia WhatsApp, ambako zinabanwa hata kama umezipiga kwa lenzi ya bei ya shamba.

Sisemi lenzi ndefu haina kazi. Anayepiga picha za mpira uwanjani anaihitaji, na anayefuata wanyama wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, anaihitaji zaidi, kwa usalama wake na wa mnyama. Mwenye kazi hiyo ainunue, tena anunue nzuri. Ninaowalilia ni wale wanaouziwa yale mabomba ya milimita 420 hadi 800 yasiyo na otomatiki yoyote, ambayo tundu lake huanzia f/8.3 na kufika f/16 ukivuta. Au kile kioo cha kuzungushia mbele ya lenzi kilichoandikwa 2.2x, kinacholainisha pembe zote za picha hadi watu wa pembeni wanapoteza sura. Halafu nenda Vitshumbi ujionee: pale kwenye Ziwa Edward ndege aina ya marabu wanatembea kati ya wavuvi na samaki wao. Hata kwa ndege wa porini, mara nyingine mita 4 ndizo ulizo nazo.

Kuna jambo la safari pia, na safari ya kwetu haifanani na ya kitabu cha watalii. Ni pikipiki kwenye barabara ya RN2, ukungu wa Alimbongo, mvua ya ghafla, vizuizi. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Kirumba ikafuata mara moja. Watu walipanda kaskazini kuelekea Lubero na Butembo na walichoweza kubeba. Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, ile nyeupe ya ndoto za vijana, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8 haizidi sana gramu 160. Moja inaingia mfukoni mwa koti. Nyingine inaonekana kutoka upande wa pili wa bonde, na mtu mwenye silaha kizuizini hatakuuliza milimita zake. Atakuuliza unampigia nani. Katika nchi ambayo kuelekeza kamera kwa askari, daraja au uwanja wa ndege ni kujitafutia matatizo, kuonekana kidogo ni sehemu ya vifaa.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue nini, jibu langu linawakasirisha hata wale wanaokubaliana nami. Wengi wao husema: nunua 50. Mimi nasema 50 ije ya pili. Kwenye sensa ndogo, milimita 50 ni lenzi ya uso na mabega. Sebuleni bado itakubandika ukutani. Mwenye Nikon atafute ile 35 ya f/1.8 ya sensa ndogo, iliyotoka mwaka 2009, kwa hiyo mitumba yake ipo. Mwenye Canon aangalie 24 ya f/2.8, nyembamba kama biskuti, gramu 125 tu. Na ile zumu ya 18 hadi 55 inayokuja na kamera, ambayo kila mtu anaona aibu nayo, usiiuze. Mchana, nje, ukifunga tundu hadi f/8, hakuna mama wa bibi arusi duniani atakayeitofautisha na ya dola elfu.

Sasa flashi, maana huko nako kuna dini. Tunaamini flashi ni ya usiku, iwe kubwa, na imwelekee mtu usoni. Mambo yote matatu ni kinyume. Flashi iliyo juu ya kamera inafuata sheria ngumu: umbali ukiwa mara mbili, nuru inabaki robo. Ndiyo sababu katika picha ya ukoo mstari wa mbele una nyuso zilizochomwa na wajomba wa nyuma wamemezwa na giza. Kuongeza nguvu kunawachoma wa mbele zaidi. Dawa ni kuitoa flashi kwenye kamera. Godox TT600 na kitumaji chake cha redio, au Yongnuo YN560 ya toleo la tatu kwenda juu, hupokea amri bila waya, na flashi yenyewe hupatikana kwa chini ya dola 100. Mpe mdogo wako aishike juu, pembeni, nyuma ya kitambaa cheupe, na nyuso zinapata umbo. Wanaojua kidogo huigeuza ielekee dari, na wanasoma ushauri huo kutoka kwa watu wenye dari nyeupe. Sisi tuna triplex ya kahawia inayowapaka wageni rangi ya chai, au turubai la buluu linalomfanya bwana arusi aonekane kama ametolewa ziwani. Tafuta ukuta mweupe au shuka jeupe. Vikikosekana, kaa na mdogo wako na kitambaa chake.

Na saa ya flashi hasa ni mchana! Misa inaisha, jua liko utosini, watu wanapangwa mbele ya kanisa, na macho yao yote ni mashimo meusi. Hapo ndipo flashi ndogo, shata isizidi 1/200, inarudisha macho. Hapo ndipo mafotografe wetu wanaizima ili kulinda betri.

Na kama unadhani vifaa ndivyo vinavyomfanya fotografe, tazama wawili hawa. Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili kupiga picha za ndoa yake mwenyewe. Kwa vifaa vya aina hiyo na flashi alikuja kuuonyesha usiku wa Kinshasa, baa zake, na Franco na wanamuziki wake. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akatumia kamera ya negativu za sentimita 13 kwa 18 na nuru ya jua, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, mteja mara nyingi alipigwa picha mara moja tu. Picha zao ziko kwenye makumbusho. Hakuna anayesimama mbele yake akauliza lenzi ilikuwa na urefu gani.

Kuhusu vikorokoro vingine sitachelewa. Betri mbili za akiba kabla ya lenzi yoyote, maana umeme wetu tunaujua. Kadi ya kumbukumbu uijaze yote na kuisoma tena kabla ya kumlipa muuzaji, kwa sababu zile za bandia huandikwa gigabaiti 128 na kumeza picha kimyakimya zikifika robo. Lenzi ya mitumba imulike tochi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za utando, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa milima yetu itaenea. Yako uitunze kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kikinga jua cha plastiki mbele ya lenzi kinafanya kazi kuliko kichujio ghali.

Wauzaji siwalaumu sana; wanauza kinachoulizwa. Lawama zangu ni kwetu sisi wateja. Tumefika mahali fotografe anaazima lenzi ndefu kwa siku moja, anaivaa kama mkufu, na kupiga kazi nzima kwa nyingine iliyo begani. Mjinga hapo ni nani?

Basi, wewe mzazi unayetafuta fotografe wa ndoa ya binti yako, mwombe picha tatu alizopiga mwenyewe: ya ndani ya nyumba usiku, ya saa sita mchana yenye gauni jeupe kando ya suti nyeusi na nyuso zote zikisomeka, na ya ukoo mzima, ambayo utaanza kuitazama kutoka mstari wa nyuma. Akiwa nazo, mkae mzungumze bei, kwa dola au kwa franka, na umpe avansi ya usafiri.