Shangazi Hajalipwa

Ndugu zangu wa Tanga, na wengine itakaowafikia barua hii,

Tangu mlipopata habari kwamba shangazi kateleza kwenye duka kubwa hapa Houston na kuvunjika kifundo cha mkono, kundi la familia kwenye WhatsApp halilali. Mmoja kauliza zitatoka dola ngapi. Mwingine kashapiga hesabu ya mabati. Nawajibu wote hapa kwa pamoja, maana najua swali hilihili linaulizwa Moshi, Mombasa na Bujumbura kila ndugu wa huku anapoumia.

Shangazi hajalipwa, na huenda asilipwe. Hakuna sheria Marekani inayompa mtu fedha kwa sababu tu ameanguka. Kinacholipiwa ni uzembe, tena ule uliothibitishwa. Huku Texas mwenye duka ana wajibu wa kumkinga mteja na hatari anayoijua, au ambayo angeigundua kama angekagua duka lake ipasavyo. Basi lazima uonyeshe kwamba maji yale aliyotelezea sakafuni wafanyakazi waliyaona wakayaacha, au wao wenyewe ndio waliyamwaga, au yalikaa pale muda wa kutosha hata asiyeyaona awe na lawama. Na nani aliyeteleza akakumbuka kuuliza maji yamekaa tangu saa ngapi?

Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kesi ya mama mmoja aliyekanyaga saladi ya makaroni kwenye Walmart ya Rio Grande City, karibu na mpaka wa Mexico. Ushahidi ulikuwepo kwamba makaroni yale yamechafuka na yana alama za nyayo na za toroli. Jopo la raia waliosikiliza kesi likampa mama ushindi. Mahakama ya Juu ikautengua: toroli linaweza kupita juu ya chakula dakika moja tu baada ya kumwagika, kwa hiyo alama zake hazisemi kimekaa pale kwa muda gani. Mama akatoka mikono mitupu. Mwaka 2002 mahakama ileile ikaongeza kwamba hata mfanyakazi akiwa amepita karibu na umajimaji, hilo peke yake halitoshi. Mimi naona ni kumbebesha mgonjwa mzigo wa kuthibitisha jambo ambalo ushahidi wake uko kwenye kamera za duka lenyewe. Lakini ndiyo sheria ya hapa.

Nasema ya hapa kwa sababu Marekani haina sheria moja kwa mambo haya. Massachusetts, waliko Wakenya wengi wa Lowell na Worcester, mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua mwaka 2007 kesi ya mteja aliyeteleza kwenye zabibu. Ikasema duka likichagua kuuza kwa namna ambayo mteja anajichotea mwenyewe, lijue zabibu zitadondoka, na lijipange. Hapo hulazimiki kuthibitisha zimelala chini muda gani. Ukihamia Maryland mambo yanageuka tena: ukionekana umechangia ajali hata kidogo, labda ulikuwa unatazama simu, unapoteza yote. Texas huwa wanagawa lawama kwa asilimia. Yako ikizidi 50 hupati kitu. Isipozidi, fidia inapunguzwa kwa kiasi hicho. Muda wa kufungua kesi nao si mmoja: Texas miaka miwili, Massachusetts na Maryland mitatu, Tennessee mwaka mmoja tu.

Kilichomwangusha shangazi mara ya pili ni adabu yetu. Meneja alipomkimbilia, yeye akiwa bado chini, alimwambia si kitu, baba, samahani kwa usumbufu. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hamtii mwenyeji aibu. Meneja akaandika kwenye ripoti kwamba mteja amesema hajaumia. Mkono ulivimba jioni. Sasa kampuni ya bima ya duka inaishika sentensi ile kama hirizi.

Wakili tumempata. Wa aina hii hawadai fedha mwanzoni. Wanachukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja, na kesi ikifika mahakamani huwa inapanda hadi asilimia 40. Mapatano ya namna hiyo wakili wa Kenya haruhusiwi kuyafanya, huku ndiyo kawaida. Jambo la kwanza alilofanya ni kuandikia duka barua ya kulitaka litunze picha za kamera, kwa sababu mitambo ile hurekodi juu ya picha za zamani. Jambo la pili, alituzuia kuzungumza na afisa wa bima anayepiga simu kwa upole na kuomba tu “kurekodi maelezo mafupi”. Na kama wakili anakufuata wodini bila kuitwa, mkimbieni: Texas hilo ni kosa la jinai.

Tuseme zikapatikana dola 30,000. Wakili 10,000. Hospitali inayo haki kisheria ya kushikilia fidia mpaka ilipwe chake, na bili za huku mnazisikia. Toa gharama za daktari wa kutoa ushahidi. Mwenye mabati aanze kupunguza.

Shangazi amekuja kwa viza ya matembezi, na hilo halimnyimi haki ya kudai. Mahakama za madai hazibagui viza. Akirudi nyumbani kesi inaweza kuendelea, na maelezo yake yanaweza kuchukuliwa kwa video. Ndugu zetu wanaofanya kazi madukani na kwenye maghala ndio wenye njia nyingine kabisa. Mfanyakazi aliyeumia kazini kwa kawaida hulipwa na bima ya mwajiri bila kuthibitisha uzembe, ila Texas inamruhusu mwajiri binafsi kutojiunga na bima hiyo, na hapo mfanyakazi humshtaki mwajiri mwenyewe. Ulizeni siku ya kuajiriwa.

Nanyi huko msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye jengo kwa wageni wake, na mahakama ya madai madogo inapokea madai ya fidia ya majeraha hadi shilingi milioni moja. Tanzania na Kenya zote zinatoa miaka mitatu kufungua madai ya aina hii. Maduka yenye sakafu ya vigae vinavyong'aa mnayo sasa.

Ninachohitaji kutoka kwenu ni kimoja. Bima itasema mkono ule ulikuwa mbovu tangu zamani. Kuna eksirei aliyopigwa Hospitali ya Bombo alipoanguka kwenye bodaboda, na kama kumbukumbu yangu ni sahihi ilikuwa ya mkono wa kushoto. Huu uliovunjika ni wa kulia. Itafuteni kwenye sanduku lake la nguo, mpige picha pande zote mbili pamoja na karatasi ya daktari, mnitumie kabla ya Ijumaa.

Ndugu yenu,
Houston