Mizani Haitoshi

Wasee wa Kitengela, tuache kupima vijana kwa kilo. Forwadi yeyote mkubwa wa raga ya shule hapa Kajiado, mtaa unasema atafaa ulinzi wa mstari wa mbele, futiboli ya Marekani. Manze, angalia hatua yake ya kwanza mpira ukianza, kiuno kikae chini, mikono iwahi kifua cha mpinzani. Daniel Adongo alitoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013, lakini wengi watahitaji kupitia chuo. Na huko NCAA, daraja la kwanza, wanataka kozi 16 za msingi za sekondari na wastani wa 2.3. Kabla umwambie ako sawa, uliza alama zake.