Sude ya sabuni haina nafasi ndani ya chupa ya maji

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma na Butembo, kutengeneza sabuni ndiko kunalipa minervali ya watoto na kodi ya nyumba. Sipingi kazi hiyo. Ninachopinga ni chupa. Sude kostike ikishayeyuka inafanana na maji. Ukiiweka ndani ya chupa ya maji ya kunywa au ya Fanta, mtoto mwenye kiu hatauliza.

Tukumbuke kazi ya sude: inageuza mawese kuwa sabuni. Ikigusa mwili, inafanya vilevile kwa mafuta ya mwili, na inaendelea kuingia ndani hata kama maumivu bado ni kidogo. Kidonda cha koo kikipona kinaacha kovu. Wiki kadhaa baadaye njia ya chakula inaweza kubana, hata bugali isipite.

Hapo ndipo desturi yetu inaongeza hatari. Mtu akinywa sumu, jirani wa kwanza anakimbilia mawese ili atapike. Kwa sude, kutapika ni kuchomwa mara ya pili. Ndimu na siki pia hapana. Asukutue kinywa na kutema, asilazimishwe kunywa kitu, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili muganga ajue alichokunywa.

Sude kavu ikianguka juu ya ngozi, ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, vua nguo iliyoguswa, kisha mwaga maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 20. Jicho nalo lioshwe hivyo, likiwa wazi, kabla ya kukimbia hospitali. Usipake mawese wala dawa ya meno.

Lakini maji hayo yatatoka wapi, wakati robine zetu zinakauka siku nzima? Basi, anayetengeneza sabuni aweke karibu naye bidoni ya lita 20 iliyojaa kabla ya kufungua sude. Wanaofundisha wamama kazi hii waanze na somo hilo, kabla ya vipimo vya mawese.

Na viongozi wa miji na wa masoko wakataze kuuza sude au javeli ndani ya chupa za vinywaji. Sheria hiyo haiombi pesa nyingi. Tukiingoja, kila mzazi aangalie jioni hii chupa zilizo chini ya meza yake.