Ua wa Nyumba si Karakana

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, gari la mtu mmoja ni tegemeo la watu wengi. Mwenye gari aliyeshinda akibeba magunia ya mahindi ndiye huyo huyo anayegongewa mlango usiku wa manane ili ampeleke mama mwenye uchungu Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au mtoto mwenye degedege katika hospitali ya wilaya pale Handeni. Injini ya gari hilo inapokufa, kijiji kizima huathirika. Ndiyo maana wengi hawasubiri: gari husukumwa hadi uani, mwembe hugeuzwa mhimili wa kunyanyulia, na injini hushushwa papo hapo mbele ya watoto na kuku.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba matengenezo makubwa ya injini yafanywayo nyumbani ni suala la afya ya jamii, wala si la mafundi peke yao, na kwamba sisi wa sekta ya afya tumelinyamazia kwa muda mrefu. Tunafundisha juu ya chandarua, juu ya maji safi na juu ya lishe. Kuhusu petroli, jeki na moshi wa injini, aghalabu hatusemi neno mpaka majeruhi aletwe.

Sikusudii kuwabeza wanaofanya kazi hiyo. Wanaijua thamani ya fedha, na gereji yenye vifaa huenda iko mbali na njia mbovu. Aidha, yapo mambo ambayo mwenye gari anapaswa kuyafanya mwenyewe: kupima oili na maji injini ikiwa imepoa, kukagua upepo wa matairi, kuangalia kama mkanda umechakaa. Ninayoyakataa ni yale yanayohitaji kunyanyua injini au gari zima, kufumua silinda, kufungua mfumo wa mafuta ya dizeli, au kuchomelea tangi la petroli. Kazi hizo zina nguvu za kuua, na ua wa nyumba hauna kinga dhidi ya nguvu hizo.

Tuanze na uzito. Injini ya gari la kawaida huzidi kilo 100, na gari lenyewe huzidi tani moja. Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa ajili ya kubadilishia tairi, haikutengenezwa ili mtu alale chini ya gari kutwa nzima. Ikiwekwa juu ya udongo uliolowa na mvua za masika, huzama upande mmoja na gari hudondoka bila kutoa onyo. Waliobanwa mguu au paja kwa saa kadhaa hukabiliwa na hatari ya pili baada ya kunasuliwa: misuli iliyopondeka huachia potasiamu na sumu nyingine katika damu, moyo huweza kusimama na figo hufeli. Madaktari wa London waliieleza hali hiyo mwaka 1941, walipowatibu watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu. Mhudumu wa zahanati akimpokea mtu wa namna hii asiridhike kwa kuona kwamba anaongea na anacheka. Aanze mapema kumpa maji ya chumvi kwa mshipa, aepuke maji yenye potasiamu, atazame rangi ya mkojo, na ampe rufaa bila kuchelewa.

Petroli nayo ina hila zake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuweza kufika jikoni penye moto bila mtu kuuona. Huwaka hata katika baridi ya Lushoto, seuze katika joto la Mkata. Tangi tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke na hewa vimechanganyika tayari. Cheche moja ya kuchomelea hulitosha. Taifa letu lilijifunza kwa machozi pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta liliposhika moto na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Uani kwetu hapana lori, lakini petroli ni ile ile.

Kisha kuna desturi ya kunyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Kiasi kidogo kikipotea njia na kuingia mapafuni huunguza mapafu na kuleta homa, kikohozi na kupumua kwa shida. Hapa jamii huongeza kosa juu ya kosa kwa kumtapisha mgonjwa au kumnywesha maziwa. Asitapishwe kamwe, kwa maana kila anapotapika petroli hupata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Apelekwe kituoni, aangaliwe kwa saa kadhaa hata kama anajiona mzima. Na petroli isihifadhiwe katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi lebo, hujua umbo la chupa tu.

Maji ya rejeta yamo chini ya mgandamizo, na kwa sababu hiyo hupita nyuzi 100 za joto bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa kabla injini haijapoa, hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyeinama. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, yai na unga havipozi kitu. Hulifunika jeraha na kulitia uchafu.

Kwa wahudumu wa afya, ningependa kusisitiza mambo mawili ambayo hudanganya macho. La kwanza ni gesi ya kaboni monoksaidi, itokayo katika moshi wa injini na katika jiko la mkaa vilevile. Haina rangi wala harufu. Fundi anayeijaribu injini ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya mvua huvuta gesi ambayo hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Ni nani Korogwe atakayesikia dalili hizo asifikirie malaria kwanza? Mji huu umekuwa kituo cha utafiti wa malaria kwa miaka mingi, na ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofanyiwa majaribio ya chanjo ya RTS,S. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, na watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa, ulizeni habari ya moshi. Msikitegemee kipima oksijeni cha kidoleni, kwani hakitofautishi gesi hiyo na oksijeni, na kitawapa namba nzuri kwa mgonjwa anayekufa. Mtoeni penye moshi, mpeni oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa.

La pili ni dizeli iliyopenya ngozi. Katika injini za kisasa za dizeli, mafuta husukumwa kwa mgandamizo unaoweza kupita mara 500 ule wa tairi la gari dogo. Anayepapasa kwa kidole ili ajue nozeli inavuja wapi huweza kupata kitundu kidogo kama cha sindano, kisicho na damu wala maumivu makali. Akifika zahanati hufungwa plasta na kuambiwa arudi nyumbani. Saa chache baadaye kidole huvimba na kubadilika rangi, kwa sababu mafuta yamekwisha kusambaa kwenye ala za mishipa ya mkono. Kitundu hicho ni dharura ya upasuaji siku ile ile. Kikichukuliwa kama mchomo wa mwiba, mtu huweza kupoteza kidole, hata mkono.

Yako pia madhara yajayo polepole. Wengi hunawa petroli ili kuondoa grisi, ilhali petroli ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Oili chafu ikigusa ngozi mwaka hadi mwaka nayo si salama, na ikimwagwa karibu na kisima huwafikia wasiojua hata gari hilo ni la nani. Sabuni na maji vingetosha.

Je, sheria haimlindi mtu huyu? Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo humtaka mwajiri aweke vifaa vya kinga. Lakini anayefumua injini yake mwenyewe uani hana mwajiri, hana mkaguzi, na akiumia hana wa kumlipa fidia. Gharama yote huangukia familia, na mara nyingi gharama hiyo hupita ile ya fundi aliyekwepwa. Isitoshe, injini au breki iliyofungwa vibaya haimdhuru mwenyewe tu; ndilo gari litakalombeba mgonjwa wa kesho kwenye barabara kuu ya Segera hadi Mombo, katikati ya mabasi na malori.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mhudumu afufue swali ambalo tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alilihimiza zaidi ya miaka 300 iliyopita: unafanya kazi gani? Nami ningeongeza: na nyumbani unatengeneza nini? Pili, halmashauri za Handeni na Korogwe zitenge maeneo ya mafundi yenye sakafu ngumu, stendi za kuegemezea magari, mchanga wa kuzimia moto na pipa la oili chafu, hata kama ni kwa ada ndogo. Mafundi wa mtaani waliojifunza kwa kutazama nao wasihukumiwe. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao, wasaidiwe kuufikia. Tatu, wenye magari wachangishane mapema kwa ajili ya matengenezo, kama wanavyochangishana kwa misiba na harusi. Gari linalobeba wagonjwa wa kijiji lastahili mchango wa kijiji.

Mpaka hayo yatimie, ndugu msomaji, shika machache: usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake; usiwashe injini ndani ya banda; usinyonye petroli; watoto wakae mbali; na moto ukizuka, ita Zimamoto kwa namba 114. Injini hununuliwa nyingine, hata kama kwa mkopo. Mapafu, mkono na figo havina duka, Korogwe wala Dar es Salaam.