Utatafutiwa fundi bure, lakini sauti yako itabaki na nani?

Tuseme mfereji umepasuka saa mbili usiku, maji yanaelekea kwa jirani, na wewe umehamia Umoja Innercore juzi tu. Utafanya nini? Najua. Utaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, "Nani ako na namba ya plamba?", kisha utangoja. Ama utampigia keyateka, naye hatashika. Ama utatoka nje na tochi ya simu usome nguzo ya stima, maana pale kuna namba ya plamba, ya gari la kunyonya choo, ya bedsitta za kupanga, na ya mganga wa kurudisha mpenzi kwa siku tatu. Nguzo ya stima ndiyo kitabu cha simu cha Nairobi. Sitanii.

Sasa fikiria namba moja ya bure. Unapiga, hata kwa kabambe. Unasema "plamba, Umoja." Mashine inakusomea mafundi watatu walio karibu, unachagua mmoja, inakuunganisha naye papo hapo. Huhitaji bando, huhitaji kuandika chochote, na huna haja ya kungoja grupu iamke.

Kitu kama hicho kilikuwepo, ila si hapa. Aprili 2007 Google ilianzisha laini kule Marekani iliyoitwa GOOG-411. Wamarekani walikuwa wamezoea kupiga 411 kuuliza namba za biashara, na kampuni za simu ziliweza kuwatoza zaidi ya dola moja kwa swali moja. Kulikuwa tayari na 1-800-FREE-411, iliyoanza 2005. Hiyo hukulipa, lakini ulilazimika kusikiliza tangazo kwanza. Google haikutoza na haikuweka matangazo. Ulitaja mji na jimbo, ukataja jina la biashara au aina yake tu, mfano "pizza", na sauti ya kompyuta ikakusomea orodha fupi. Ukichagua unaunganishwa bure. Ukitaka maelezo yaje kwa SMS, yanakuja. Hakukuwa na binadamu upande wa pili.

Swali la kawaida la mtu wa Nairobi: nani alikuwa analipa?

Jibu halikufichwa. Mwaka huohuo wa 2007 Marissa Mayer, wakati huo mmoja wa wakuu wa Google, aliliambia jarida la InfoWorld kwamba yeye mwenyewe ana shaka kama laini hiyo itawahi kuleta faida. Walichohitaji hasa ni sauti nyingi za watu tofauti wakitamka vitu tofauti, ili wafundishe mashine kusikia. Novemba 2010 laini ikazimwa. Kufikia hapo Google tayari ilikuwa na huduma ya kutafuta kwa sauti kwenye simu janja. Waliopiga walipata namba ya pizza, na kampuni ikabaki na kile ilichokuja kutafuta.

Mimi siuiti huo wizi. Huduma ilikuwa nzuri na watu waliipenda. Lakini ilikuwa na bei, na wengi waliopiga hawakuihesabu.

Mbona nakuletea hadithi ya 2007? Kwa sababu sasa ni zamu ya Kiswahili. Tangu Agosti 2017 Google inakubali uandike kwa kusema Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania, na tangu hapo kampuni za akili unde zimekuwa zikizitafuta lugha zetu. Ukisoma taarifa kama mtangazaji wa saa moja usiku, mashine itakufuata. Jaribu sasa kuongea unavyoongea: "Nitafutie msee wa kurepea friji, ako hapo Githurai forti-faivu." Hiyo ni sentensi moja yenye Kiswahili, Sheng na Kiingereza, na jina la mahali lenye "th" ya Kikuyu ambayo si ile ya "thelathini". Ongeza lafudhi: ya Machakos si ya Kisumu, na ya Mombasa haifanani na zote mbili. Ongeza makanga anayepiga kelele nyuma yako. Mashine hujifunza haya yote kwa njia moja tu, nayo ni kusikiliza watu kama wewe wakiongea hivyo, mara nyingi sana.

Ndiyo maana laini ya kutafuta fundi ni mtego mtamu. Mtu akisoma sentensi kwa mshahara, anasoma kama yuko darasani. Mtu anayetafuta plamba huku maji yanaingia sebuleni anaongea kiukweli.

Kuna njia nyingine. Mozilla wana mradi uitwao Common Voice, na mwaka 2021 walipata dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili ili wakusanye sauti za Kiswahili. Unasoma sentensi kwa hiari, mwenzako anaikagua, na mkusanyiko mzima unawekwa wazi. Mwanafunzi wa Eldoret anaupakua sawa na kampuni ya California. Naona hiyo ina haki zaidi, ingawa tusijidanganye: kikiwekwa wazi, mwenye kompyuta kubwa ndiye hukila haraka. Na nyingi ni sentensi za kusomwa.

Lakini tuseme masikio yamepatikana. Mashine itamtaja nani? Hapa ndipo mimi hukosa usingizi kuliko kwenye mambo ya sauti. Biashara nyingi za mtaa hazina jina unaloweza kulitafuta. Ni "kwa Mama Wambui, nyuma ya steji, ukipita posho mill." Till inaonyesha jina lingine kabisa, la shemeji yake. Kuweka biashara kwenye ramani ya Google ni bure, lakini supamaketi na hoteli ndizo zina mtu wa kufanya kazi hiyo. Kinyozi wa kibanda ana foleni ya wateja na mashine moja yenye waya mbovu.

Kwenye skrini angalau unaweza kushuka chini hadi umpate. Kwenye simu unasomewa watatu, na wa nne ni kama hayupo. Kwa hiyo anayepanga hao watatu ndiye anayeamua nani atakula leo. Leo anaweza kupanga kwa umbali. Kesho akiona njaa, atapanga kwa anayelipa, na keshokutwa atadai asilimia kwa kila kazi. Waulize madereva wa teksi za apu. Walianza kwa kuitwa washirika, wakaishia kugoma barabarani kwa sababu ya makato, hadi kanuni za 2022 zikaweka kikomo cha asilimia 18. Fundi wa mfereji hana hata chama cha kugomea.

Kuhusu sauti, sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole kwenye maelezo yake ya data ya kibayometriki. Shida si karatasi. 2023 tuliona foleni pale KICC, watu wakiskaniwa macho na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali za kama elfu saba hivi. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti, baada ya macho mengi kuchukuliwa. Na siwacheki waliopanga foleni. Elfu saba ni kodi ya mtu.

Basi siku ukiona bango la namba ya bure ya kutafuta biashara kwa Kiswahili, ipige, inaweza kukuokoa. Ila sikiliza zile sekunde za mwanzo ambazo huwa tunazipita tukingoja "kwa Kiswahili bonyeza mbili." Wanasema wanarekodi? Kwa kazi gani? Rekodi inakaa muda gani, na ukitaka ifutwe unamwambia nani? Kama hawasemi, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko, na huhitaji wakili kuandika.

Na kama wewe ndiye mwenye kibanda, usingoje laini hiyo ije. Jiweke kwenye ramani wiki hii. Mruhusu mpwa wako akusaidie, umpe soda. Usiandike "Glorious Ventures Enterprises." Andika kazi unayofanya na mahali ulipo, vile wateja wanavyosema wakikupigia: fundi wa simu, Kayole Junction, mkabala na steji.