Mazabodi ikifa, kompyuta yako ni ya nani?

Nimepotea hapa kibarazani siku tisa, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimepata ajira. Hapana jamani, sijapata! Kompyuta yangu ilikufa. Naomba niwasimulie kwa kifupi halafu nitoe hoja, maana jambo lenyewe si langu peke yangu.

Ni kompyuta ya mezani, mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha tatu, yaani ya mwaka 2012 hivi. Niliinunua Kariakoo nilipomaliza kidato cha nne, na ndiyo inayonilisha: nachapa barua za watu, natengeneza CV, nasafisha picha za harusi. Usiku huo umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili nikawasha... feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tii. Hata mlio hakuna. Na ndani ya diski kuna picha za bwana harusi ambaye alishanilipa nusu.

Fundi wa mtaani kwetu hakukurupuka. Alichomoa RAM, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akaijaribu kwenye tundu jingine. Akabadilisha ile betri ndogo ya CR2032. Akapima pawa saplai kwa mita, moto upo. Akachukua prosesa yangu akaijaribu kwenye mashine yake, ikawaka. Ndo akaniambia: "Mdogo wangu, kilichokufa hapa ni mazabodi. Vingine vyote vizima."

Nikashukuru Mungu. Nikajua nanunua mazabodi, anafunga, narudi nyumbani. Mazabodi mpya za soketi ya aina ile, kutoka China, bado unazipata na bei yake haitishi. Kumbe shughuli ndo kwanza inaanza.

Sikilizeni. Kompyuta za kuunga mwenyewe hufuata vipimo vya ATX, ambavyo Intel ilivitoa mwaka 1995. Matundu ya skrubu yako palepale, plagi kubwa ya umeme siku hizi ni ya pini 24, unachanganya vifaa vya kampuni yoyote. Lakini nyingi ya zile mashine za ofisini tunazoletewa kwa mtumba haziko hivyo. Yangu plagi ya umeme ni ya kwake, waya wa swichi ni wa kwake, hata umbo la ubao ni la kwake. Mazabodi ya kawaida haikai humo. Ukilazimisha, nunua na pawa saplai nyingine na boksi jingine. Ubao mmoja umeungua, unajikuta unanunua nusu ya kompyuta!

Kuna la pili. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye mazabodi ileile. Ukiweka ya aina nyingine, kwa masharti ya Microsoft hiyo kwa kawaida inahesabiwa ni kompyuta mpya. Sasa niulize, nilinunua nini mimi pale Kariakoo?

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia, kwa sehemu kubwa, prosesa za kizazi cha nane, za mwaka 2017 kuja juu. Ofisi za Ulaya na Marekani zina mashine nzima kabisa ambazo hazikidhi masharti hayo, nazo zinatolewa. Zinakwenda wapi? Si mnajua tena.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka zozote za kielektroniki ipewe taarifa na ikubali kwanza. Safi. Lakini mashine inayowaka haihesabiwi kuwa taka, ni bidhaa. Inageuka taka ikishafika kwetu, siku mazabodi inapokufa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa mwaka 2024. Kwenye orodha yake kuna mashine za kufulia, majokofu na simu. Kompyuta ya mezani haimo!

Mimi sipingi mtumba. Bila mtumba nisingekuwa naandika hapa. Ninachosema ni kwamba tunauliza RAM ngapi, diski ngapi, halafu tunalipa. Swali la kwanza liwe: hii mazabodi ikifa, nyingine inapatikana? Fungua ubavu wa boksi, hesabu pini za ile plagi kubwa. Zikiwa 24 na ubao una umbo la kawaida, una pa kutokea. Na shule inayopewa msaada wa kompyuta iombe za aina moja, hata kama ni kuukuu. Ishirini za aina moja, tano zikifa zitatoa vipuri vya kumi na tano. Ishirini za aina ishirini, kila moja itakufa peke yake.

Mimi niliokolewa hivyohivyo. Siku ya nane fundi alipata mashine ya aina kama yangu iliyoangushwa, boksi limebonyea, mazabodi nzima. Shilingi elfu thelathini na tano. Diski ikasoma, picha zote zipo, bwana harusi kanuna lakini kapokea. Kwa usalama nimehamia Linux, nako najifunza taratibu.

Huo ndo mtazamo wangu. Mafundi mliomo humu, nikosoeni pale nilipoteleza. Na wewe, kompyuta yako ya mwisho ilikufa na nini?